Shajara ya mradi: tovuti ya Saccos ya walimu itumike na kila mwanachama

Januari. Bodi imekubali

Bodi imepitisha mradi. Saccos yenyewe ni ya walimu wa mkoa wa Morogoro, walio kazini na wastaafu. Tangu fomu za karatasi ziondolewe, maombi ya mkopo, taarifa za akiba na matangazo ya mkutano mkuu vyote viko kwenye tovuti. Kwa mwalimu aliyeko Mahenge au Gairo hiyo ni nafuu kubwa, hapandi tena basi kuja mjini kwa ajili ya saini moja.

Walimu wasioona, hata hivyo, wamerudishwa nyuma. Wakati wa karatasi, karani aliwasomea fomu na kuwajazia ndani ya ofisi, na karani anabanwa na masharti ya kazi kutunza siri. Sasa inawabidi wamwombe mtoto, jirani au kijana wa intaneti kafe awaingizie nenosiri, aone salio lao, ajue wanakopa shilingi ngapi na kwa shida gani. Mwalimu mmoja alisimama kwenye mkutano wa mwaka jana akasema: "Mshahara wangu mke wangu anaujua. Sasa na kijana wa steshenari anaujua."

Mwenyekiti aliniuliza kama sheria inatubana. Nikamjibu kwamba inatubana. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 ya mkataba huo inaitaja intaneti kwa jina. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Wenzetu wa Kenya wameshafika mbele: mwaka 2022 walitoa KS 2952, kiwango chao cha ufikivu wa TEHAMA, yaani cha kuhakikisha hata mwenye ulemavu anaweza kuitumia. Lakini nilivyowaona wajumbe usoni, kilichowagusa ni yale maneno ya mwalimu, na nadhani walikuwa sahihi kuguswa na hayo kwanza.

Kipimo nilichowaandikia ni kimoja: mwanachama yeyote aweze kuingia, kuomba mkopo wa dharura na kutoka, bila kumtajia binadamu mwingine nenosiri lake. Nimeeleza pia kwamba tutafuata WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, toleo la 2.2 lililotolewa Oktoba 2023, katika daraja la AA, ambalo ni la kati katika madaraja yake matatu. Mwongozo utatusaidia tusisahau mambo. Kazi itahesabiwa imekwisha pale tu kipimo kile kitakapotimia.

Januari, mwishoni. Ukaguzi

Nimeanza na vikaguzi vya kujiendesha, WAVE na axe, kwa sababu vinakusanya haraka makosa ya wazi. Yaliyotoka ni yale yale yaliyoenea duniani kote. Shirika la WebAIM la Marekani hukagua kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1. Mwaka 2025 walikuta kasoro kwenye asilimia 94.8 ya kurasa hizo, na karibu zote ni za aina sita: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, visanduku vya fomu visivyo na lebo, viungo vitupu, vitufe vitupu, na ukurasa usiotaja lugha yake. Sisi tulikuwa nazo tano. Ya sita ilikuja kwetu kwa sura nyingine: ukurasa wetu ulitaja lugha, ila ulitaja Kiingereza. Hilo nitalirudia.

Vikaguzi vina mpaka. Ukurasa wa ombi la mkopo ulitoka na makosa machache kuliko kurasa zote, na ndio uliokuwa haupitiki. Nilizima skrini ya kompyuta, nikaweka kipanya kando, nikabaki na kibodi na NVDA, programu ya kusoma skrini ambayo walimu wetu wanaitumia kwenye kompyuta. NVDA ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, akaungana na James Teh, naye haoni, kwa sababu programu za aina hiyo zilikuwa zikiuzwa kwa bei ambayo wasioona wengi duniani hawaimudu. Bila watu hao wawili, sidhani kama kungekuwa na mwalimu hata mmoja kwetu wa kumjengea tovuti hii.

Nikaenda sehemu moja baada ya nyingine kwa kibonye cha Tab. Jina. Namba ya uanachama. Kiasi. Muda wa marejesho. Kisha Tab iliyofuata ikanitupa chini kabisa ya ukurasa, kwenye kiungo cha anwani ya ofisi. Kitufe cha "Wasilisha Ombi" kiliruka. Kwa macho kipo, kikubwa, cha kijani, kimeviringwa pembe. Nilipofungua msimbo nikakuta si kitufe: ni kisanduku cha kawaida, `div`, kilichopakwa rangi na kufungiwa amri ya kusikiliza mbofyo wa kipanya. Kibodi hakikijui. NVDA ikifika hapo kwa mishale inasoma "Wasilisha Ombi" kama inavyosoma aya yoyote, bila kutamka kwamba hiki ni kitufe.

Kwa hiyo mwalimu asiyeona angeweza kujaza fomu nzima, kwa subira, asipate njia ya kuituma. Nimekibadilisha kuwa `button`, basi. Kivinjari chenyewe kinakiweka kwenye mstari wa Tab, kinakubali Enter na kibonye cha nafasi, na kinakitangaza kuwa ni kitufe. Yote hayo yanapatikana bila kuandika mstari mwingine. Ningependa kila anayefundisha vijana kutengeneza tovuti aanzie hapo: HTML ya kawaida imebeba kazi kubwa ya ufikivu tayari, na mara nyingi sisi mafundi ndio tunaoivunja kwa ajili ya mapambo.

Februari. Lugha ya ukurasa

Juu kabisa ya kila ukurasa wetu kulikuwa na `lang="en"`. Templeti ilinunuliwa nje, maneno yakabadilishwa kuwa Kiswahili, mstari huo ukaachwa. Anayeona haumdhuru kitu. Anayesikiliza unamharibia kila kitu, kwa sababu kisoma skrini kikiambiwa huu ni Kiingereza kinachukua sauti ya Kiingereza na kanuni zake za matamshi. "Wake" inatoka kama neno la Kiingereza la kuamka, "pale" vivyo hivyo, na "marejesho ya kila mwezi" yanakuwa kelele. Mwalimu mmoja aliniambia amezoea kusimamisha sauti na kusikiliza herufi moja moja hadi aliunde neno mwenyewe kichwani. Anafanya hivyo kusoma masharti ya mkopo.

Nimeweka `lang="sw"` kwenye templeti kuu, na vipande vichache vya Kiingereza vilivyobaki, kama majina ya fomu za benki, vimewekewa alama yao. NVDA inakuja na eSpeak NG, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, na ndani yake Kiswahili kimo. Sauti yake ni kavu, ya mashine, lakini irabu zinakaa mahali pake na msikilizaji anaelewa mara ya kwanza. Kwenye simu za Android, ambazo ndizo wengi wanazo, TalkBack, kisoma skrini cha simu hizo, inatumia sauti iliyowekwa kwenye simu, na ya Kiswahili mara nyingi inahitaji kupakuliwa kwanza. Tumeandika maelekezo mafupi ya kuipakua, na afisa wanachama anayasoma kwa simu kwa yeyote anayepiga.

Jambo dogo lililotokea hapo hapo. Bei na viwango vyetu vyote viliandikwa kwa mtindo wa dukani, 500,000/=. NVDA kwa mipangilio yake ya kawaida inaitaja ile alama ya mkwaju na ile ya sawasawa kila inapokutana nazo. Jedwali la marejesho la miezi 24 lilikuwa halisikiliziki. Sasa tunaandika "shilingi 500,000" kwenye sentensi, na kwenye majedwali neno shilingi linakaa kwenye kichwa cha safu mara moja tu.

Februari. Walimu wamekuja ofisini

Nimewaalika wanachama waje kuijaribu tovuti kwa vifaa vyao wenyewe: walimu wasioona, mwalimu kiziwi aliyekuja na mkalimani wake, mstaafu ambaye mikono yake inatetemeka, na mwalimu wa hesabu asiye na ulemavu wowote ila simu yake ina kioo kilichopasuka. Nauli imelipwa na Saccos, na muda wao umelipwa pia. Kwa hilo nilisimama imara mbele ya mhasibu. Mtu anayekuonyesha makosa ya kazi yako anafanya kazi.

Nilijifunza zaidi kwa kunyamaza. Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, asiyeona tangu utotoni, aliweka kipokea sauti sikio moja, jingine akaliacha kwa ajili ya mazungumzo, na sauti yake ikaenda kwa kasi ambayo mimi sikuambulia neno. Kitu cha kwanza alichobonyeza ni herufi H, inayomrusha kutoka kichwa cha habari hadi kingine. Ukurasa ukamjibu hauna kichwa hata kimoja. Vichwa vyetu vilikuwa maandishi ya kawaida yaliyokolezwa na kukuzwa. "Umeniletea kitabu kisicho na sura, mwalimu," akaniambia (ofisi nzima inaitana mwalimu, hata sisi mafundi). Siku hiyo hiyo tukaanza kuweka vichwa vya kweli, vya ngazi ya 1, ya 2 na ya 3, kwa mpangilio.

Mstaafu alikwama kwenye tarehe ya kuzaliwa. Kikalenda kilichofunguka kilianzia mwezi huu, na mshale wa kurudi nyuma ulirudi mwezi mmoja mmoja. Yeye amezaliwa mwaka 1958. Vile vishale vyenyewe vilikuwa vidogo mno kwa kidole kinachotetemeka, WCAG 2.2 inataka kitu cha kugusa kisipungue pikseli 24 kwa 24, na vyetu havikufika. Kikalenda kimeondoka. Badala yake kuna visanduku vitatu: siku, mwezi, mwaka. Mtu haitafuti tarehe yake ya kuzaliwa, anaiandika tu.

Machi. Rangi, na makosa ya fomu

Kijani cha Saccos, #4CAF50, chini ya maandishi meupe kina uwiano wa 2.78 kwa 1, yaani tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake. Kinachotakiwa kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Tumeshuka hadi kijani cheusi zaidi, #2E7D32, tukapata 5.13. Maandishi ya kijivu ya #999999 kwenye nyeupe yalikuwa 2.85, nayo yamekolezwa. Mjumbe aliyeogopa kwamba tutaharibu nembo aliangalia simu yake nje juani, akasema endeleeni.

Makosa ya fomu yamechukua muda mrefu zaidi, na yalistahili. Ilivyokuwa: ukikosea, mpaka wa kisanduku unageuka mwekundu na ujumbe unatokea juu ya ukurasa, kimya. Asiyetofautisha nyekundu na kijani haoni tofauti. Asiyeona hasikii kitu. Anabonyeza Wasilisha, anasubiri, anabonyeza tena, anadhani mtandao umekatika. Sasa ukikosea, sauti inapelekwa moja kwa moja kwenye orodha ya makosa juu ya ukurasa, kila kosa ni kiungo kinachokupeleka kwenye kisanduku chake, na maneno yanasema la kufanya: "Andika kiasi kwa tarakimu tu, mfano 300000." Ujumbe wa zamani ulisema "Taarifa si sahihi", na hata mimi ninayeona usingenisaidia.

Mashine ya picha zinazopishana kwenye ukurasa wa mwanzo imeondolewa. Mwongozo unaruhusu kuiweka kama kuna kitufe cha kuisimamisha, lakini hakuna mwanachama aliyetaja kuipenda, na ilikuwa inakula bando la kila mtu kabla hajafika kwenye salio lake.

Machi. Kampuni ya kiraka

Kampuni moja imemwandikia katibu kwamba kwa mstari mmoja wa msimbo na ada ya mwaka, tovuti itakuwa imekidhi mwongozo wote. Ni kile kidubwasha chenye alama ya kiti cha magurudumu kinachokaa pembeni mwa skrini. Nimeshauri tukatae. Kinaongeza ukubwa wa maandishi na kubadili rangi, mambo ambayo simu na kivinjari vinafanya tayari. Hakiwezi kujua kwamba kisanduku fulani kilikusudiwa kuwa kitufe, na mara nyingine kinagombana na kisoma skrini alichokizoea mtu. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kuitoza kampuni mojawapo ya biashara hii dola milioni 1 kwa madai ya uongo kuhusu uwezo wa bidhaa yake. Katibu ameelewa. Fedha hiyo tumeipangia mkalimani wa Lugha ya Alama.

Aprili. Namba ya siri kwa SMS

Hapa ndipo kipimo chetu kilipokuwa kinavunjika kila tulipojaribu. Ukishaingiza nenosiri, mfumo unakutumia namba ya tarakimu sita kwa SMS, na ina dakika moja ya kuishi. Anayeona anaitazama ikipita juu ya skrini na kuinakili. Mwalimu anayetumia TalkBack anasikia mlio, anatoka kwenye kivinjari, anatafuta programu ya ujumbe, anafungua ujumbe sahihi, anasikiliza maneno ya utangulizi kabla ya namba, anaikariri, anarudi kwenye kivinjari, anatafuta kisanduku. Na kisanduku hakikuwa kimoja. Vilikuwa sita, kimoja kwa kila tarakimu, visivyo na lebo, na kubandika kumezuiwa. Dakika ilishakwisha kitambo. Hapo ndipo anapomwita kijana.

Tumeomba kampuni inayotutumia SMS ianze na namba yenyewe, maneno yafuate. Visanduku sita vimekuwa kimoja chenye lebo, kubandika kumeruhusiwa, na kisanduku kimewekewa `autocomplete="one-time-code"` ili simu inayoweza kuisoma namba kutoka kwenye SMS ijitolee kuijaza. Msimamizi wa mifumo alikataa kwanza kuongeza muda, kwa hoja ya usalama. Nikamwomba akae karibu na mwalimu anapojaribu. Baada ya hapo muda umekuwa dakika kumi, na idadi ya kukosea imewekewa kikomo, jambo linalomzuia mwizi vizuri zaidi kuliko kumharakisha mwenye akaunti. Nenosiri linalopitia mikono ya watu wengine ndilo hatari kubwa ya usalama tuliyokuwa nayo, na tuliisababisha kwa jina la usalama.

Kikao cha fomu pia kilikuwa kinakatika kimya kimya na kufuta kila kitu. Sasa kinatangaza kabla ya kwisha, kibonye kimoja kinakiongeza, na rasimu inahifadhiwa.

Aprili. PDF na muhuri

Matangazo ya mkutano mkuu yanaandikwa kwenye Word, yanachapishwa, yanapigwa muhuri, yanaskaniwa, kisha yanapandishwa. Kinachopanda ni picha ya karatasi. Kisoma skrini hakikuti neno la kusoma.

Katibu wetu ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa utaratibu. Nilimwamkia, nikamweleza. Akanijibu, "Mwanangu, tangazo bila muhuri ni karatasi tu. Kesho mtu anaandika lake na kulisambaza WhatsApp." Wasiwasi wake una msingi, matangazo ya uongo yamewahi kuzunguka. Tulikubaliana hivi: maneno yanawekwa kwenye ukurasa wenyewe, kutoka faili la Word ambalo lipo tayari kwenye kompyuta yake, na nakala yenye muhuri inakaa chini kama kiambatisho. Kwenye kundi la WhatsApp, bango likitumwa, maneno yake yote yanaandikwa chini ya picha pamoja na kiungo cha ukurasa. Ameshaanza kufanya hivyo mwenyewe bila kukumbushwa.

Mei. Video ya viwango vipya vya riba

Imerekodiwa ikiwa na mkalimani ndani ya fremu, mkubwa wa kutosha mikono na uso vionekane kwenye simu ndogo. Manukuu tumeyaandika kwa mkono kutoka kwenye maandiko ya msemaji. Mwalimu kiziwi aliyekuja Februari ametukumbusha kwamba kwa viziwi wengi Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, Lugha ya Alama ya Tanzania ndiyo ya kwanza, hivyo manukuu peke yake yasihesabiwe kuwa tumemaliza. Aliomba pia mifano ya hesabu ionyeshwe kwa tarakimu kwenye skrini. Imeongezwa.

Juni. Hali ilivyo

Yule mwalimu wa Kiswahili ameomba mkopo wa dharura akiwa nyumbani kwake, kwa simu yake, na ombi limefika kwa afisa mikopo likiwa limekamilika. Kisha akabadilisha nenosiri, kwa kuwa la zamani, alivyosema, lilikuwa la mtaa mzima. Wenzake wengine wasioona nao wamefanya hivyo hivyo, isipokuwa mmoja ambaye simu yake ni ya vibonye. Kwa huyo tovuti haisaidii kitu. Afisa wanachama anampokea kwa simu ya kawaida kwa sasa, na pendekezo la huduma ya sauti, mtu anapiga na kubonyeza namba, limepelekwa kwenye bajeti ya mwakani.

Yaliyobaki: nyaraka za miaka ya nyuma bado ni picha za karatasi, na tunaanza na masharti ya chama kwa sababu ndiyo yanayoulizwa zaidi. Fomu ya wadhamini inahitaji saini ya kuchora kwa kidole, jambo ambalo mstaafu wetu na wasioona hawaliwezi; mwanasheria anaangalia kama uthibitisho kwa namba ya SMS unatosha kisheria. Mkataba wa fundi atakayetunza tovuti baada yangu umeongezewa kifungu: hakuna ukurasa mpya unaopandishwa kabla haujapitiwa kwa kibodi peke yake na kusikilizwa kwa kisoma skrini. Jumanne nakaa na makarani wawili wa ofisi kuwafundisha kuandika maelezo ya picha, tukianza na picha za mkutano mkuu zinazosubiri kupandishwa.